Ukuta Mgongoni

Mbio za sakafuni huishia ukingoni:
nimerudi nyuma hatua kumi na moja,
ya kumi na mbili ni ukuta wa kinu cha posho,
na unga umenichora mgongoni.

Mbele yangu, jengo la Virji na Wanawe
halitaki kuingia.
Kwa lenzi yangu ya hamsini napata dirisha,
nusu ya roshani,
na Khavere kwenye cherehani, ambaye sikumwomba.

Nyangweso wa duka la kamera
ameniazima mbili hadi saa kumi.
"Moja utanunua, moja utarudisha.
Mkwaruzo ni wako."

Ya kumi na nne inameza kila kitu:
mtaro, nyaya za stima, ncha ya kiatu changu.
Jengo lote limo, ila nguzo zimeegemeana juu
kama walevi wawili wanaosindikizana,
na Khavere, pembeni, amevutwa
hata mkono wake umekuwa mwiko wa ugali wa matanga.

Ya ishirini na nne ni mkweli,
au mwongo mwenye adabu.
Nguzo wima. Lakini paji limekatwa
pamoja na mwaka uliochongwa pale,
na nikiinua kamera kuutafuta
jengo zima linalala chali.

Ipo ya tatu, kabatini kwa Nyangweso,
ile ambayo kioo chake hupanda chenyewe
na kamera ikabaki imetazama mbele, imenyooka.
Bei yake ng'ombe wanne wa maziwa.
Niliishika asubuhi.
Nikairudisha kwa mikono miwili.

"Wewe," asema Khavere, pini mdomoni,
"unapigana na huo ukuta tangu saa sita.
Si uupande?"
Mkasi wake unaonyesha ngazi ya fundi wa antena.

Hatua ya kumi na mbili ilikuwa juu.
Ya kumi na tatu pia, na ya ishirini,
mabati yakilia chini ya soli, kinu kikitetema magotini.
Nikasimama usawa wa roshani, sikuinamisha kitu.
Ishirini na nne. Likaingia:
mwaka wa thelathini na nne, ufa wake wote,
msalaba mwekundu wa kaunti mlangoni,
nyuma yake ziwa, utepe mwembamba wa bati,
na Khavere, mdogo, mkono wa saizi yake.

Saa kumi kasoro. Nyangweso anapuliza unga kwenye kioo.
"Umechagua ipi?"
Namwonyesha.
Kisha namuuliza Kisumu hii ngazi huuzwa wapi.