Kiti cha Ibrahimu

Ghorofa ya sita, Busan. Kibanda chetu cha sikukuu
ni fito za mianzi na mashuka ya Dilnoza.
Babu alisema paa lisizibe nyota.
Halikuziba nyota. Halikuziba mvua.

Supu inaongezeka bakulini bila kupakuliwa;
Joaquim anainywa hivyohivyo.
Baraka nimesahau nusu,
nusu nyingine naivuta kwa mahadhi ya babu.

Mara viatu ngazini: Bi Ok-sun, mwenye nyumba,
bila shaka amekuja kutufukuza.
Anakizunguka kibanda, anakaza kamba iliyolegea,
anatua sinia la vikeki vya mchele na ufuta.
"Leo tunawakumbuka wazee wetu," asema,
akiuonyesha mwezi kwa kidevu: umejaa, umelowa,
wa kumi na tano kwake, wa kumi na tano kwangu.

Rosario ni asubuhi. Mama anapiga pasi
kitambaa ambacho sitakuwepo kukichafua.

Kiti kimoja tulikiacha wazi, cha Ibrahimu,
mgeni tunayemwalika kila mwaka na haji.
Bi Ok-sun amekivuta, amekaa,
soksi zake zinachuruzika maji.
Hakuna aliyemwambia kina mwenyewe.