Sahihi ya Shahidi

Fomu ina kurasa tisa. Naisoma kwa sauti
barazani kwa Barke binti Lali, Kizingitini,
joto limelala juu ya mabati kama paka aliyeshiba.
"Ushiriki wako ni wa hiari."
Barke anacheka. "Hiari?
Na maji ya kisima, nayo nayanywa kwa hiari?"

Ana mimba ya miezi saba. Miguu imejaa.
Jabia limekauka tangu Rajabu,
vuli ilipita juu yetu bila hata hodi,
na kisimani chumvi inapanda ngazi kimyakimya.
Ndiyo tuliyokuja kuipima.

Kipimo kikasema. Nikaandika namba.
Kifungu cha kumi na moja: matokeo ya visima
yatatolewa utafiti ukikamilika, miaka mitatu,
yasije yakabadili mwenendo wa washiriki.

"Sasa niambie, Zena
(maana wewe nakujua, hao wa boti siwajui),
maji yangu yakiwa mabaya
utanambia leo, au kitabu kikiisha?
Huyu wa tumboni
hana miaka mitatu ya kungojea."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu,
sabuni mbili na kilo ya sukari ya shukrani.
Damu yake ikaondoka katika kikasha cha barafu,
chupa nne, zenye namba badala ya jina.
Mwanawe aliomba kipande cha barafu ile. Tukamnyima.

Daktari Wekesa si mtu mbaya.
Anasema tukitangulia kusema, takwimu zitachafuka.
Nikamuuliza: na maji?
Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena.

Chini kabisa ya ukurasa wa tisa pana mstari:
Sahihi ya Shahidi.
Nimetia jina langu hapo mara sitini na mbili
bila kujiuliza nashuhudia nini.

Jana baada ya isha nilirudi
bila fomu, bila fulana ya mradi.
Nikamtajia namba, tarakimu kwa tarakimu.
Hakulia, wala hakushukuru.
Alichukua kipande cha mkaa, akenda
akaiandika kwenye ukuta wa kisima, kubwa,
kila mwenye ndoo aione.

Leo mradi umeniita ofisini, Mokowe.
Boti ni ya saa mbili.
Nikipita kisimani nawakuta wanawake kumi na mmoja,
ndoo tupu, macho ukutani.
Namba sasa wanaijua.
Maji mengine hawana.