Mgagani wa Kirumba

Mwaka wa tatu sasa sionji samaki,
nami nimepanga Kirumba, ambako hata upepo una magamba:
sato juu ya meza, dagaa juu ya turubai,
sangara mrefu kama mtoto wa darasa la pili
amebebwa begani, mkia unafagia njia.
"Sasa wewe unakula nini?" jirani yangu Kwilasa huuliza,
kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa.

Nilikuwa nakula kabichi.
Kabichi Jumatatu, kabichi na karoti Jumanne,
maharage yakinisitiri siku za wageni.
Nilitoka Tanga na mchicha wangu kichwani,
nikidhani jani nisilolijua ni la mbuzi.

Mvua za Novemba zikaanguka siku mbili mfululizo.
Limi akatua tenga lake kando ya mwalo:
vijani vitano vitano, vimekaa kama vidole,
shina lina wekundu, harufu kali,
nusu haradali, nusu sijui.
"Mgagani," akasema. "Wiki tatu tu, basi. Chukua au acha."

Nikachukua mafungu mawili.
Nikaukaanga mbiombio, kitunguu, nyanya,
kama mchicha.
Ukawa mchungu kama neno la wifi.

Nikaurudisha sokoni ndani ya bakuli.
Limi akaonja kwa kidole, akacheka mpaka kanga ikamfunguka.
"Maji ya kwanza ulimwaga?"
Sikumwaga.
"Mtindi ulitia?"
Sikutia.
"Ukaulaza chunguni usiku mzima?"
Dada, nilikuwa na njaa.

Usiku ule nikachemsha, nikamwaga, nikachemsha tena,
nikamimina mtindi, nikafunika,
nikaenda kulala kama mtu aliyeacha mgeni sebuleni.
Asubuhi uchungu ulikuwa bado upo,
ila umevua viatu, umekaa.
Nikaula na ugali wa mtama, nikalamba na mwiko.
Kwilasa akabisha hodi, sahani mkononi.
Hakuuliza kitu.

Wiki ya nne, upande ule wa tenga mtupu.
"Umeshatoa maua," Limi akasema,
akanisukumia kifuko cha majani makavu, meusi;
nikadhani tumbaku.
"Nsansa. Majani ya kunde, ya tangu mwezi wa tano. Karanga unazo?"

Karanga ninazo.
Kipimo cha maji sikijui, wala moto wake.
Nimefungua kifuko, nimenusa:
vumbi, na jua la siku ambazo sikuwa nikitazama.
Leo nitakosea.
Kesho nitabeba bakuli.