Kiganja cha Mdakaji

Miaka kumi na tisa nilikuchuchumalia, Kudo,
magoti yangu yakilia kama bawaba,
na kiganja hiki cha kushoto, hiki kilichovimba,
kikakujua kuliko mkeo.

Ulikuja Hirosaki na mfuko wa matufaha,
kijana mwembamba, masikio mekundu kwa theluji.
Kocha akacheka: huyu hata kivuli chake kinamlemea.
Ukarusha.
Sikuuona mpira. Niliusikia.

Magazeti ya besiboli yakakuita Radi.
Mimi niliijua radi hiyo ilivyotapika chooni
kabla ya kila mechi, kisha ikanawa,
ikafunga kamba za viatu, cha kushoto kwanza.

Halafu bega. Kisu cha daktari. Mwaka mzima
ukarusha soksi ukutani, sebuleni, usiku,
mama yako akihesabu.
Uliporudi, kasi haikuwepo. Ukaja na hila:
mpira uliosita, ukainama,
ukayaamkia magoti ya mpigaji
kama mkwe mwenye haya.

Jana, mechi ya mwisho. Manyunyu, viti nusu vitupu.
Nikakuonyesha vidole viwili; ukatikisa kichwa.
Vitatu; ukatikisa.
Ulitaka ule wa zamani, wa moja kwa moja.
Kijana wa Sendai akaupiga, ukavuka uzio,
ukapotelea kwenye maegesho ya magari.
Ukanitazama. Ukacheka kama mwizi aliyesamehewa.

Glovu nimeiweka kabatini.
Kiganja bado kinawasha theluji ikikaribia,
na mimi sikikuni.