Kiti cha Kezroy

Leeds, Januari. Harambee ya selimundu.
Ukumbi wa kanisa una hita mbili, moja imekufa.
Verlyn anauza tiketi za bahati nasibu,
koti hajalivua.

Zawadi ya kwanza: keki ya ramu.
Ya pili: blanketi.

Mwanawe alikuwa ahutubie saa mbili.
Saa moja baridi ilimpenya mifupani;
chembe za damu zikajikunja mundu,
zikapigana vikumbo,
zikakwama njiani.

Basi mama akapanda jukwaani na karatasi yake:
«Mkiona anasoma mama, jueni niko wodini.
Msilie. Nunueni tiketi.»

Wakacheka. Kisha hita ile moja
ikasikika peke yake.

Blanketi likamwangukia Osbert, fundi bomba.
Hakulikunjua.
Aliuliza tu basi la hospitali
hupita saa ngapi.