Bawaba

Kwanza waling'oa gego.
Lilikuwa zima, halina hatia.
Nikalirudisha nyumbani Pasua kwenye bahasha ya dawa,
na maumivu nikayarudisha vilevile, upande uleule.
Kisha matone ya sikio, chupa mbili,
maana mwenye duka la dawa alisema, sikio hilo.
Miezi saba.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na pengo, nimekuja kujua, si dawa ya kitu.

Mimi nina bucha Majengo, mwaka wa thelathini na moja.
Kiungo nakijua. Nyonga ya ng'ombe naifungua kwa ncha ya kisu
huku naongea na mteja.
Najua gegedu ya ndama, inavyong'aa kama sahani iliyooshwa,
na ya maksai aliyelima hadi akachoka, jinsi inavyokwaruza kidole.
Sikuwahi kufikiri kwamba ninacho cha namna hiyo
kichwani, mbele ya sikio,
kinachofanya kazi hata nikisema "karibu."

Daktari Namsifu, rika la kitinda mimba wangu,
hakushika koleo.
Aliweka vidole viwili hapa, viwili hapa.
"Fungua, baba. Taratibu. Haya, funga."
Tukasikia sote:
kwaruu, kandambili juu ya changarawe.
Taya likaenda upande,
mkokoteni wenye gurudumu moja bovu.
Akapima kwa rula, ileile ya wanafunzi:
milimita ishirini na sita.

Picha akaitundika penye mwanga.
Kichwa cha taya, kilichopaswa kuviringa kama punje ya kunde,
kimebapa, na ubavuni kimeota kijimwiba.
"Gegedu imelika. Hiyo hairudi.
Ila maumivu tunaweza kuyarudisha nyuma."
Vidonge vya wiki mbili. Kitambaa cha maji moto.
Kufungua kinywa mbele ya kioo, ncha ya ulimi kaakaani.
Na kibao cha kuvaa usiku: akachukua chapa ya meno yangu
kwa ujiuji wa rangi ya waridi ulionukia mnanaa.
Sindano, baadaye, ikibidi.
Kisu, akacheka, tumwachie mwenye bucha.
Nikauliza, na nyama?
Akasema, kwa miezi miwili uza tu.

Halafu akauliza lile ambalo hakuna aliyeuliza:
"Usiku unasaga meno?"
Nitajuaje, mimi nimelala.
Ndeshi, mkoba magotini, akajibu yeye:
"Anasaga. Tangu tumzike Eliapenda.
Mwanzoni nilidhani ni mashine ya jirani."
Mwaka wa tatu, na hakuwahi kuniambia.
Na mimi, mwaka wa tatu, jina la mwanangu sijalitamka.
Kumbe nilikuwa nalitafuna.

Sasa ni Julai, baridi inashuka mlimani
na taya linaisikia kabla sijafungua dirisha.
Ndeshi kapika mtori,
ndizi zimepondwa hadi zimesahau kuwa ndizi.
Nyama ya mtori huo nilimletea mara nne, kila alipojifungua,
nikaweka mezani nikaondoka; nyumbani kwetu kilikuwa chakula cha mzazi.
Leo nimekaa na bakuli, kitambaa cha moto shavuni.
Mama Aikaruwa akachungulia mlangoni:
"Hongera, shemeji! Wa kike au wa kiume?"
Nikacheka, ikauma,
nikacheka kwa kiasi nilichoruhusiwa.

Jioni nasimama mbele ya kioo cha kunyolea.
Fungua. Hesabu sita. Funga.
Daktari hakusema nifungue kwa neno gani.
Jina lake lina silabi tano.
Mbili za mwanzo zinapita meno yakiwa karibu kufungwa.
Ya tatu ni *a*, tupu,
hiyo haipiti bila kinywa kufunguka.
Ndeshi yuko jikoni, amezima bomba, anasikiliza.
E.
Li.