Chumvi ya Mandawa

Kasha la arobaini na moja, mita elfu mbili na ushei:
jiwe jeupe la mviringo, refu kama mkono wa mtoto.
Kazi yangu kambini ni kuosha mawe na kuyapanga,
ila hili Chinguile alinikataza kulitia maji.
"Litayeyuka," alisema.

Basi nikalilamba.

Nikampelekea Somoe jikoni. Akalamba naye, akatema:
"Nani kaimwaga huko chini?"
Mkononi ana donge la chapati.
Nikamwambia, vuta.
Akavuta huku na huku, polepole.
Halikukatika. Lilinywea katikati,
likawa jembamba, likabonyea.
"Hapo," nikasema. "Hapo ndipo tuliposimama."

Maana bara halikatiki kama uzi.
Huvutika, upana wa ukucha kwa mwaka.
Juu hukakamaa na kupata nyufa,
chini kwenye joto hulainika kama nta,
na kipande cha kati, kikikosa wa kukishika,
hudidimia kama mtu aliyekalia kitanda cha kamba kilicholegea.
Mito iliyokuwa na safari zake hugeuza shingo.
Hushuka kokoto, mchanga mwekundu,
matope ya ziwa ambalo hakuna aliyelipa jina.
Kisha bahari, kutoka mbali, ikaona mwanya.
Ikapenya, ikakauka. Ikapenya, ikakauka,
kila mara ikiacha chumvi,
kama mgeni anayesahau kofia makusudi
apate sababu ya kurudi.

"Na upande wa pili?"
"Bukini. Tulikuwa nayo ubavu kwa ubavu."
"Ikaondoka mara moja tu?"
Hapana. Bara lilijaribu kwanza kule ndani, nyuma ya Liwale:
likapasuka nusu, likaghairi.
Bonde likajaa mchanga, likalala,
kidonda kikafunga bila kupona.
Likajaribu tena. Safari hii likaenda.

Somoe akanyamaza.
Kambi nzima tunajua: mara mbili alirudi kwao Nangurukuru,
mara mbili akarejea Ruangwa kwa Mnunduma,
na mara ya tatu akaja hapa na sufuria zake.

"Watu husema nilivunja," akasema, akilikunja donge upya.
"Sikuvunja. Nilivutika mpaka nikaisha."

Usiku Chinguile alizisifu chapati.
Asubuhi akapima jiwe:
pungufu, kidole kimoja.
Akaniangalia.
Mimi nikaendelea kuosha.